Kadi ya Picha Darini

Pikipiki ilikata kona bila kupunguza mwendo, na Tindo akaikata nyuma yake kwa miguu.

Saa mbili na robo asubuhi. Mtaa wa vipuri ndio kwanza ulikuwa unafungua milango. Wenye maduka walikuwa wanapanga mali zao nje, betri huku, spika kule, na kila mmoja aliruka pembeni akatukana kwa ufundi wake. Tindo aliwapita. Alikuwa na viatu vyepesi, bastola ubavuni na hasira ya miezi sita kifuani.

"Anaingia uchochoro wa mafundi wa tivi," sauti ya Mkuu wake ilisema kwenye kipokezi kilichofichwa sikioni. "Ukimkosa hapo, tumekwisha."

"Simkosi."

Hakumkosa. Uchochoro ule una mtaro katikati, na mwenye pikipiki alikuwa haujui. Gurudumu la mbele la Honda likazama, yeye akapaa, akatua juu ya rundo la maboksi matupu ya friji. Kabla hajajua kama amevunjika au la, goti la mwanamke lilikuwa kifuani mwake na mdomo wa Glock 19 ulikuwa chini ya kidevu chake.

"Mfuko," Tindo alisema.

Akapewa mfuko. Nani angebisha?

Hamkuwa na bunduki, wala unga, wala dhahabu. Mlikuwa na kikasha cha plastiki, na ndani ya kikasha kitu ambacho wewe na mimi tungekifagia pamoja na taka: waya bapa, urefu wa kidole, mwembamba, wenye meno madogo ya shaba kila upande.

Tindo aliutazama ule waya na moyo ukaanza kumwenda mbio upya.

Nikueleze kwa nini, maana usipojua hili utamwona mwendawazimu.

Mdogo wake wa kiume, kitinda mimba kwao, alikuwa fundi wa Idara ileile ya kuzuia magendo ya silaha aliyoitumikia Tindo. Huyo bwana alichukua Raspberry Pi, kompyuta nzima juu ya bodi moja inayoenea kiganjani, akaiunganisha na kadi ya picha ya Radeon, lile lidude la feni tatu ambalo vijana hununua kwa ajili ya magemu na ambalo kwa desturi hukaa ndani ya kompyuta kubwa. Wenzake walimcheka mpaka machozi. Walimwambia anamfunga ng'ombe kwenye gari la kuchezea la mtoto. Yeye akawajibu kwamba kidogo kitatoa amri na kikubwa kitafanya hesabu za picha, kinachotakiwa ni njia ya kupita kati yao. Njia yenyewe ilikuwa waya bapa kama huu.

Na mashine ikafanya kazi. Ikawekwa kwenye skana ya mizigo, kontena likipigwa eksirei inasoma picha kwa sekunde mbili na kuzungushia duara jekundu kila bunduki. Waliocheka wakaanza kusema walijua tangu mwanzo.

Kisha karakana yake ikaungua, naye akiwa ndani.

Kwenye majivu mashine haikuonekana. Ripoti ikaandikwa haraka haraka: fundi ameiuza mashine kwa wasafirisha silaha, akajichomea karakana afiche ushahidi, moto ukamzidi maarifa. Mjane akapewa siku kumi na nne kuhama nyumba ya Idara. Barua ile ilikuwa na sahihi ya Mkuu. Mazishini hakuja hata mfagizi wa ofisi.

Tindo hakuamini neno hata moja. Alimjua mdogo wake. Huyu ni mtu aliyewahi kurudi dukani kilomita tano kwa sababu muuzaji alimzidishia skrubu.

Alikatazwa kuigusa kesi ile. Akaigusa. Alijua jambo moja ambalo waandika ripoti hawakulijua: waya ule ni dhaifu. Ukikunjwa vibaya mara mbili tatu, umekufa, na mashine haifanyi kitu mpaka upate mwingine. Aliyeiiba atahitaji waya. Na mji mzima una duka moja tu linalouza wa urefu ule. Basi kila alipopata nafasi, Tindo alikaa mkabala na duka lile, akajifanya anauza vifuniko vya simu, akaviuza kwelikweli, hata akapata wateja wa kudumu.

Leo waya ulinunuliwa, na Mkuu, aliyekuwa na malori ya kuzuia saa nne, hakuwa tena na nafasi ya kumkataza.

"Unapeleka wapi?" aliuliza.

Yule mtu akaeleza huku anatetemeka. Bandari kavu, lango la mafundi, kabla ya saa tatu. Atapokelewa na mtu wa kofia ya kijivu. Jina halijui, ameambiwa apeleke tu.

Mkuu alikuwa anasikiliza. Akamwambia Tindo aweke waya mbovu ndani ya kikasha, mchezo uishe.

"Hapana. Mashine ikikwama, malori yatageuza yatafute njia nyingine," Tindo alijibu. "Apeleke waya mzima."

Mkuu akakubali. Alijua ni kweli. Saa nne asubuhi ile malori matatu yangepita bandari kavu, yamesajiliwa kwamba yamebeba vigae vya sakafu, yakielekea nchi ya jirani ambako watu walikuwa wanauana. Mpasha habari wa Idara alisema ndani kuna makombora ya kurushwa begani, mia mbili na zaidi. Lakini mizigo ya kupita ina lakiri ya kimataifa, ule muhuri wa chuma unaofunga mlango wa kontena, na lakiri haikatwi bila picha ya eksirei yenye shaka, imetazamwa na afisa wa zamu. Na kwa miezi kadhaa sasa picha za malori ya namna hiyo zilikuwa zinatoka safi, vigae vitupu, halafu silaha zinaonekana upande wa pili. Mashine ya fundi ilikuwa imegeuzwa. Badala ya kuonyesha bunduki, ilikuwa inazifuta na kuchora vigae juu yake, palepale, kabla picha haijafika kwenye skrini.

Tindo akabandika kifuatiliaji cha ukubwa wa kifungo cha shati chini ya kiti cha Honda, akamsaidia mwenyewe kuinyanyua, akamwambia aende zake na akiongea neno moja atamtafuta mpaka kwa mama yake.

Saa tatu kasoro dakika tano alikuwa amelala kifudifudi juu ya paa la ghala, darubini machoni. Pikipiki ilisimama kwenye lango la mafundi. Mtu wa kofia ya kijivu akatoka, akapokea kikasha, akakifungua, akauinua ule waya juani aukague. Kisha akaivua kofia ajifute jasho.

Pacha.

Tindo aliishusha darubini, akaipandisha tena, kana kwamba safari ya pili angemwona mtu mwingine.

Waliitwa pacha, bwana huyu na mdogo wa Tindo, kwa kuwa hukuwahi kumwona mmoja bila mwenzake. Walisoma pamoja, wakafungua karakana pamoja. Mtoto wa marehemu alimwita baba mdogo. Siku ya mazishi alibeba jeneza upande wa kichwani, akalia mpaka akashikwa mikono, na baada ya hapo akaja na gari kumhamisha mjane. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Walichosahau kutuambia ni kwamba siku ya msiba hulia kuliko wafiwa.

Tindo aling'ata mkono wa shati lake ili asipige kelele. Bastola ilikuwa inafika pale, na upepo ulikuwa mzuri. Alihesabu pumzi zake moja moja mpaka kidole kikatoka kwenye kifyatuo.

Pacha akaingia ndani. Kupitia dirisha la ukumbi Tindo alimwona akiegemeza ngazi ukutani, nje ya chumba cha skana, akifungua kifuniko cha dari na kupotea juu. Akakaa dakika kumi. Akashuka bila kikasha, akipangusa vumbi magotini.

Basi mashine ilikuwa darini.

Tindo alishuka kwenye paa na kuingia nyuma ya Land Cruiser ya Idara. Huku anavaa ovaroli ya wasafisha viyoyozi, alimpigia wifi yake.

Mjane wa fundi alipokea haraka. Ni mwanamke wa maneno makali, na tangu afukuzwe nyumba ya Idara alikuwa anashona sare za shule katika chumba cha kupanga. Miaka minne ile mashine ilikuwa inakaa kwenye meza yake ya chakula, na kwa miaka minne aliisikia ikisifiwa, ikilaaniwa na kuwashwa upya. Alikuwa anaijua kuliko maprofesa.

"Wifi, nimeipata," Tindo alisema.

Cherehani ilisimama. "Anayo nani?"

"Pacha."

Mkasi ukalia sakafuni.

"Jumapili amekula kwangu," wifi alisema. "Kamletea mtoto viatu."

"Najua."

"Nataka afe, wifi. Sikufichi. Nataka afe."

"Hata mimi nataka. Lakini kwanza nataka mashine isifanye kazi bila yeye kujua. Nifanyeje?"

Wifi alivuta pumzi, na aliposema tena sauti ilikuwa ya mtu wa kazi.

"Sikiliza vizuri. Kile kidogo kikiamka huangalia pembeni mara moja tu. Kikiiona kadi, watafanya kazi siku nzima. Kisipoiona, hata ukiiwasha dakika moja baadaye, hakina habari nayo tena mpaka ukizime ukiwashe upya. Ndiyo maana marehemu alikuwa anawasha kadi kwanza, anahesabu mpaka kumi, ndipo anawasha bodi. Wewe geuza."

"Bodi kwanza, kadi baadaye."

"Haswa. Taa zote zitawaka, feni zitazunguka, na hakuna kitakachofanyika."

Tindo aliuliza kama Pacha hatagundua. Wifi akacheka kicheko kisicho na furaha. Alisema marehemu na Pacha waligombana kila wiki juu ya hilo. Pacha hukagua mashine kwa macho; akiona feni inazunguka, kwake kila kitu poa. Marehemu alikuwa anamwambia asimletee habari za feni, afungue orodha ya vifaa kwenye bodi asome kama kadi imo. Pacha aliona kusoma orodha ni kazi ya wanafunzi.

"Na picha?" Tindo aliuliza. "Kadi isipoonekana, picha inakwama?"

"Mume wangu aliandika kwamba kadi isipoonekana, picha ipite kama ilivyo. Alisema mashine isimzuie mtu kazi yake. Kama Pacha hajaibadilisha sehemu hiyo. Alikuwa anaogopa hata kulifungua lile faili. Lakini siwezi kukuapia."

Haya. Makombora mia mbili na zaidi, na jina la mdogo wake, vyote vikaning'inia kwenye uvivu wa mwanaume mmoja.

Saa tatu na dakika thelathini na tano. Tindo alipita lango la mafundi na ngazi begani na brashi mkononi. Hakuna mlinzi duniani anayemsimamisha mtu aliyebeba ngazi. Mkuu, aliyekuwa anatazama kamera za bandari, akamnong'oneza sikioni kwamba Pacha yuko kantini, anakunywa chai. Tindo akaiegemeza ngazi yake kando, chini ya kiyoyozi, akapanda ile ya Pacha iliyokuwa bado ukutani chini ya kifuniko, akajivuta ndani, akakirudisha kifuniko mahali pake.

Dari ilikuwa na joto la kukaba. Alitambaa juu ya mbao, kando ya bomba pana la bati la hewa baridi, mpaka alipoona kijitaa cha kijani.

Ndiyo yenyewe. Ile bodi ndogo ndani ya kisanduku cha kijivu cha umeme. Kando yake Radeon nzito, imelazwa juu ya matofali mawili, feni tatu zinavuma. Kati yao waya bapa mpya, unang'aa. Pawa saplai, kile kisanduku kinachoilisha kadi umeme, ilikuwa pembeni, na kwenye plagi yake nene klipu ya karatasi iliunganisha waya wa kijani na mweusi ili ikubali kuwaka bila kompyuta kubwa. Hivyo ndivyo mafundi wanavyofanya popote. Ila klipu ile ilikuwa imekunjwa mara tatu, na mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa anakunja mara tatu.

Tindo aliigusa kwa ncha ya kidole. Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke, mikono ikaendelea na kazi.

Kwanza ilibidi asubiri. Chini yake lori la mbolea lilikuwa linapigwa eksirei. Akizima sasa, skrini ingekuwa nyeusi na kelele zingeanza. Kengele ya skana ililia. Lori likatoka. Kati ya lori na lori ilikuwa dakika moja na nusu.

Akachomoa waya wa umeme wa bodi. Taa ya kijani ikafa.

Akazima swichi ya pawa saplai. Feni zikapunguza mwendo, zikasimama.

Akachomeka bodi peke yake. Taa nyekundu, kisha kijani, ikipepesa. Inaamka. Inaangalia pembeni, haioni mtu. Tindo alihesabu hadi arobaini, na kila namba ilimchukua umri mzima. Taa ikatulia.

Akawasha kadi. Feni tatu zikaanza kuzunguka, kwa madaha, kama hakuna kilichotokea.

"Tindo," Mkuu alisema, "ameweka kikombe chini. Ametazama simu yake. Anakuja huko."

Bila shaka. Simu ya Pacha ilikuwa inaichunga bodi, na kwa muda ule mfupi ilimwambia bodi haipo. Tindo alijiviringisha nyuma ya bomba la bati, akalala chali, Glock juu ya kifua. Ngazi ikalia. Kifuniko kikainuka.

Mwanga wa tochi ukapita juu ya mbao.

Alikuwa mita mbili kutoka kwake. Kupitia upenyo kati ya bomba na mbao, Tindo aliliona shavu lake, sikio lake, kovu dogo kwenye nyusi alilolipata utotoni alipoanguka na mdogo wa Tindo kwenye baiskeli moja. Akailekeza bastola kwenye lile kovu.

"Usimguse," Mkuu alinong'ona. "Usimguse, nakuomba. Malori yako langoni."

Pacha alimulika bodi. Kijani. Akamulika kadi. Feni zinazunguka. Akaubonyeza waya kwa kidole gumba, kwa uangalifu, akapiga simu.

"Ni waya mpya tu, ulikuwa haujakaa," alimwambia mtu wa upande wa pili. "Kila kitu kinawaka. Leteni."

Hakufungua orodha. Angeifungua, angeyaona yote. Alishuka huku anapiga mluzi.

Tindo akabaki amelala, jasho likimwingia masikioni, bastola ikiwa bado imelenga mahali palipobaki patupu.

Saa nne kamili.

Chumba cha skana kina dirisha la kioo upande wa ukumbi. Tindo alisimama pale na brashi yake, akisugua kioo kilichokuwa safi tangu mwanzo. Mbele ya skrini alikaa afisa wa zamu, mama mmoja wa makamo mwenye miwani ya kamba, ambaye kwa miezi mingi alikuwa anaidhinisha vigae kwa moyo mweupe. Nyuma yake Pacha, kitambulisho cha fundi shingoni, alisimama na kikombe kipya cha chai, kama mtu anayepoteza muda. Lori la kwanza likaingia kwenye banda. Mlango wa madini ya risasi, yanayozuia eksirei, ukafungwa. Kengele ikalia.

Picha ilianza kushuka kwenye skrini, mstari kwa mstari. Paa la kontena. Kuta. Safu ya kwanza ya maboksi.

Vigae.

Brashi ya Tindo ikasimama kwenye kioo. Ameibadilisha, alijiambia. Amelifungua faili, mjinga mimi, amelibadilisha.

Picha ikaendelea kushuka. Nyuma ya safu ile ya vigae vya kweli, iliyopangwa mlangoni kwa ajili ya macho ya watu, ikatokea mitutu. Mirefu, imelala, imepangana, na kila mmoja una mshikio na kifyatuo chake.

Afisa wa zamu alivua miwani, akaifuta kwa khanga yake, akaivaa tena.

"Siku hizi vigae vina mitutu?" aliuliza, bila kumuuliza mtu yeyote hasa. Kisha akabonyeza kitufe chekundu kwa kiganja kizima.

King'ora. Milango ya banda ikajifunga. Mkuu akaanza kufoka kwenye redio, kata lakiri, kateni lakiri zote tatu, na watu wa Idara, waliojificha ndani ya lori la mbolea lilipokwisha kupita skana, wakamwagika uwanjani na silaha zao.

Kikombe cha Pacha kilikuwa sakafuni, vipande vipande. Mwenyewe alikuwa ameshatoka kwa mlango wa nyuma.

Tindo aliutupa ule mpini wa brashi.

Walikimbia kati ya makontena, kushoto, kulia, kushoto tena. Pacha alikuwa anaujua uwanja, lakini alikuwa na chai tumboni na woga miguuni. Kwenye kona ya tatu aligeuka na bastola ndogo mkononi, akafyatua. Risasi ililiimbisha bati juu ya kichwa cha Tindo. Tindo alipiga goti chini, akafyatua mara moja.

Bastola ndogo ikaruka. Pacha akakaa chini taratibu, mgongo kwenye gurudumu la lori, akiushika mkono wake wa kulia. Akainua macho, na ndipo akamtambua mwenye ovaroli.

"Dada," alisema.

"Usiniite dada."

"Walinilazimisha. Walisema watatuua wote wawili. Nilimwambia tuwape mashine, yeye akakataa, unamjua alivyokuwa mbishi..."

Tindo alimkanyaga kifundo cha mguu, akaelekeza Glock kati ya macho yake. Sikioni Mkuu alikuwa anasema anamtaka hai. Tindo alikitoa kipokezi, akakiweka mfukoni. Hakukuwa na mtu karibu. Ingekuwa rahisi kuandika kwamba alipigwa wakati wa majibizano ya risasi. Idara yenyewe ilikuwa imeandika uongo mbaya zaidi ya huo.

Lakini mwenye msiba huu wa kwanza hakuwa yeye, na hilo halikumtoka akilini. Kwa mkono wa kushoto alitoa simu, akawasha kinasa sauti, akapiga, akaweka spika.

"Wifi. Ninaye hapa. Anakusikia."

Upande wa pili mlango ulifungwa, kiti kikavutwa.

"Mwambie," Tindo alimwamuru Pacha. "Mwambie ulivyofanya. Ukiruka neno nitajua."

Akamwambia. Alianza kwa kujitetea, Tindo akamkanyaga zaidi, akaacha kujitetea. Alisema fundi hakuuza kitu. Alisema yeye ndiye aliyewaleta wale watu karakana saa kumi jioni, akatoa mashine kwa mlango wa uani wakati mwenzake akipokea simu, kisha akafunga komeo kutoka nje. Petroli walimwaga wale. Komeo alifunga yeye.

Alipomaliza, wifi hakulia wala hakutukana. Aliuliza swali moja.

"Alimwita nani?"

Pacha alifunga macho.

"Nakuuliza. Ulikuwa nje ya mlango. Mume wangu alimwita nani?"

"Aliniita mimi," Pacha alisema. "Alisikia nyayo zangu. Alidhani nimekuja kumfungulia."

King'ora cha banda kilikuwa kimezimwa, na kutoka mbali ilisikika misumeno ikikata lakiri ya pili. Tindo akarudisha kidole kwenye kifyatuo. Akasubiri. Neno lolote ambalo lingetoka kwenye simu ile angelitekeleza.

"Wifi," sauti ilisema.

"Naam."

"Nilisema nataka afe. Nimebadilisha. Akifa leo atapumzika, na mimi sijapumzika. Mpeleke mahakamani. Nitakaa kiti cha mbele kila siku ya kesi, nimtazame, asome usoni kwangu hilo jina aliloitwa. Akifungwa, nitakuwa naenda kumtembelea. Kila Jumapili, kama alivyokuwa anakuja kwangu."

Pacha alianza kulia. Safari hii hakuna aliyemshika mkono.

Mkuu aliwakuta hivyo, akihema, pingu mkononi na kitambi mbele. Alimtazama mtu aliyekaa chini, akaitazama simu, akaelewa. Alianza kumpongeza Tindo kwa sauti ya ofisini, makombora mia mbili na arobaini, aliyepigiwa simu kutoka darini naye ameshakamatwa hotelini kwake, wizara imefurahi sana.

"Ripoti ya mdogo wangu," Tindo alimkatiza.

"Itaandikwa upya. Nitaunda kamati..."

"Utaiandika wewe, kwa mkono wako, leo. Utampelekea wifi yangu mwenyewe mlangoni kwake, na utaisoma kwa sauti. Majirani wasikie."

Mkuu aliiona Glock ambayo bado ilikuwa nje, akachomoa kalamu mfukoni.

"Leo," alisema.

Tindo alirudisha bastola ubavuni. Alivua ovaroli, akaikunja, akaiweka juu ya boneti ya lori. Akapita katikati ya askari waliokuwa wanashusha masanduku, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumsemesha.

Langoni mlinzi alimzuia kwa daftari. Kelele zote zile, bado alitaka kila anayetoka aandike. Muda wa kutoka, sahihi, na shughuli iliyokuleta.

Tindo akachukua kalamu. Kwenye shughuli aliandika: Msiba.

Mlinzi alisoma, akavua kofia yake, akampa pole. Tindo alimshukuru, akavuka barabara kwa hatua za kawaida, akaenda kwa wifi yake.